Njia Iliyofungwa na Ukuta Wetu

Dominika ya Pili ya Majilio, Mwaka B
Masomo: Isa. 40:1-5, 9-11, 2 Pet. 3:8-14, Mk. 1:1-8



Kipindi cha Majilio, kwetu sisi tuishio Manyoni na Ugogo kwa jumla, hakiji mikono mitupu. Huja pamoja na jembe. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba, na ifikapo Aprili zimekwisha. Asiyewahi kulima na kupanda hana nafasi ya pili mpaka mwaka unaofuata. Ndiyo maana katika Dominika kama ya leo twawaona Misani wakulima wenye udongo kwenye kucha, nasi hatuwalaumu hata kidogo.

Katika majira hayo hayo Mama Kanisa atusomea Nabii Isaya na mwanzo wa Injili ya Marko, na masomo yote mawili yazungumza habari ya njia. Nabii asikia sauti inayodai njia itengenezwe nyikani, mabonde yajazwe, vilima vishushwe. Marko aipokea sauti hiyo na kutuonyesha mwenyewe, Yohane Mbatizaji, amesimama jangwani. Mara nyingi sisi mapadre huyafafanua maneno haya upesi upesi kuwa ni njia ya moyoni: bonde ni kukata tamaa, kilima ni majivuno, palipopotoka ni uongo wetu. Ufafanuzi huo ni halali, nasi tumeuhubiri kwa miaka mingi. Leo twaomba ruhusa yenu tuuweke kando kidogo, tuzungumze juu ya njia ya miguu: ile ya udongo, yenye upana wa mtu mmoja, ipitayo nyuma ya nyumba ya jirani na kukatiza shambani mwake, ambayo hakuna aliyeichora katika ramani na kila mtu aijua.

Jumamosi moja tulitoka kupeleka Komunyo Takatifu kwa wagonjwa wa kigango kimoja kilichoko pembezoni mwa mji wa Manyoni. Kwa kawaida kazi hiyo huifanya kwa gari. Siku hiyo gari lilikuwa limelala kwa fundi, na pikipiki ya katekista ilikuwa imeazimwa kubebea mbegu. Basi tukaenda kwa miguu: sisi, katekista, akina mama wawili wa WAWATA, na mtumikiaji mmoja, kijana wa miaka kumi hivi. Hatutaki kujisifu kwa matembezi hayo. Gari lingekuwa zima tusingetembea, na tusingetembea tusingeyajua haya tunayowasimulia.

Katekista alikuwa ametupangia mzunguko mzuri wa nyumba nne. Njia ya kwanza, itokayo dukani kwenda kwenye kisima cha pampu, tuliikuta imelimwa. Mwenye shamba hakuweka uzio wala hakumfukuza mtu. Alipitisha plau ya ng'ombe tu: matuta mawili mwaka juzi, matuta mawili mwaka jana, na mwaka huu njia ikaisha. Njia ya pili iliishia kwenye msingi wa nyumba mpya. Kijana aliyekuwa akichanganya saruji alitupokea kwa adabu kabisa, akasema, "Shikamoo, Padre. Hapa siku hizi hakupitiki, zungukeni kule." Ya tatu ilikuwa imezibwa kwa seng'enge kuizunguka miche ya mikorosho, zao ambalo limeingia kwa nguvu wilayani kwetu miaka hii. Ya nne ilikuwa imemezwa na ua wa minyaa. Mtumikiaji wetu akatuonyesha tundu ambalo watoto wa shule hulitumia, nasi tukainama tukapita mmoja mmoja, Ekaristi Takatifu kifuani, huku mama mmoja akimziba kijana yule macho kwa khanga yake, maana utomvu wa mnyaa ni mbaya sana kwa macho.

Kila tulipouliza njia imekwenda wapi, tulijibiwa neno moja: zungukeni. Hakuna aliyetujibu kwa ukali. Watu walisema "zungukeni" kama wanavyosema "karibuni".

Katika kuzunguka huko tukajikuta mbele ya nyumba ambayo haikuwamo katika orodha yetu. Ni nyumba ya bibi mmoja mjane, aliyepoteza nuru ya macho miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao umewapofusha wazee wengi wa nyanda hizi kavu. Tukamwuliza katekista kwa sauti ya chini kwa nini bibi huyu hayumo miongoni mwa wagonjwa. Akainamisha kichwa. Jina lake lilikuwamo katika orodha nyingine, ile ya waliolegea, ambao hawajaonekana kanisani kwa muda mrefu na hawana udhuru unaojulikana. Orodha hiyo tulikuwa tumeitia sahihi sisi wenyewe.

"Mbukwenyi," alitusalimu, kwa kuwa alisikia miguu ni mingi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, wanangu." Alipoitambua sauti yetu aliinuka akashika nguzo ya mlango. "Karibu, Baba. Mmepitia wapi?" Tukamwambia tumepitia barabarani. Akacheka. "Kumbe hata ninyi mmezungushwa!"

Tukamwuliza, kwa upole uliochanganyika na lawama kidogo, mbona hatumwoni Misani. Akasema maneno ambayo tumejitahidi kuyakumbuka kama alivyoyatamka. "Baba, njia yangu mimi ilikuwa mafumbo mawili. Nikitoka hapa nashika rozari. Fumbo la kwanza linaishia kwenye mbuyu. La pili likiisha, mkono wangu unagusa mwarobaini wa kanisa. Sikuhitaji mtu wa kunishika. Mwaka jana, siku moja ya Dominika, fumbo la pili liko katikati, fimbo ikagonga tofali. Nikadhani nimepotea. Nikarudi mpaka kwenye mbuyu nikaanza upya. Fimbo ikagonga tofali tena. Nikapapasa kulia, tofali. Nikapapasa kushoto, tofali. Nikawasikia mnaimba Mtakatifu. Nikakaa chini hapo hapo mpaka mlipomaliza, nikarudi nyumbani."

Ukuta huo, ndugu wasikilizaji, ni wetu.

Tuliujenga kwa michango ya mavuno, na tuliujenga kwa sababu njema. Wezi walikuwa wameiba paneli ya umeme wa jua na betri yake. Mbuzi walikuwa wakiingia kanisani wakati wa Misa. Tena majirani walikuwa wakiusogelea mpaka wa kiwanja kidogo kidogo, nasi tuliogopa kwamba atakayetufuata atakuta nusu yake. Halmashauri ya kigango ilikaa mara tatu. Tulizungumza juu ya matofali, nondo, saruji, na fundi. Hakuna aliyetaja njia, kwa maana karibu wote tulioketi pale hufika kanisani kwa upande wa barabara, na wengi wetu kwa pikipiki. Ukuta ulipokamilika tuliubariki kwa maji ya baraka, tukapiga picha.

Katekista alitaka kujua bibi huyu angelazimika kuzunguka kiasi gani, naye akaipima kwa rozari kama alivyofundishwa na bibi mwenyewe. Kwa barabara ni rozari nzima na litania juu yake. Tena katikati yake kuna kipande cha kutembea kando ya barabara kuu, ile inayopitisha malori kutoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda Singida na Nzega, na kutoka huko kuendelea mpaka Rwanda na Burundi. Mjukuu wake angeweza kumwongoza, lakini Dominika ndiyo siku yake ya zamu ya kuchunga.

Tuliporudi tulifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 27. Hapo Walawi wasimama mbele ya taifa zima na kutamka laana, nao watu waitikia Amina kwa kila moja. Katika mstari wa 17 alaaniwa mtu auondoaye mpaka wa jirani yake. Katika mstari wa 18, mara baada ya huyo, alaaniwa mtu ampotezaye kipofu njiani. Tumezisoma sura hizo tangu seminari, na hatukuwahi kuona kwamba laana hizo mbili zimewekwa bega kwa bega. Sisi tuliikimbia ya kwanza kwa bidii kubwa, tukaangukia ya pili.

Nchi hii ya Manyoni, ndugu zangu, ingepaswa kuijua habari hii kuliko nchi nyingi, kwa maana iliumbwa na njia. Kabla ya reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, hapa ndipo ulipopita msafara baada ya msafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Kilimatinde, ambayo leo wengi wenu mwaijua kama kijiji kitulivu kilicho juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ilikuwa kituo cha njia hiyo. Nayo imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006. Tukumbuke kwa uchungu kwamba waliopita hapo si wachukuzi wa pembe za ndovu tu. Walipita pia ndugu zetu waliofungwa minyororo, wakielekea pwani wasikotaka kwenda. Mwaka 1878 walipita Mapadre wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, wakitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo kwenda kwenye nchi za maziwa makuu, na mmoja wao, Padre Pascal, alifariki safarini mwaka huo huo. Imani yetu ilifika huku kwa miguu, ikipita mashambani mwa watu ambao hawakuwa bado wameisikia.

Nao watu hao waliwatoza hongo. Neno hilo leo lina maana ya rushwa, lakini zamani za misafara lilikuwa jina la ushuru ambao watemi wa Ugogo waliwatoza wapitao. Wasafiri wa Kizungu waliandika juu ya hongo kwa hasira, wakawaita Wagogo wanyang'anyi. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Nchi ni kavu; visima vilichimbwa kwa mikono ya wenyeji; na msafara mmoja wa watu mia kadhaa uliweza kukausha kwa siku mbili maji ambayo kijiji kiliyatarajia kwa mwezi. Mwenye kisima alikuwa na haki ya kudai kitu. Lakini liangalieni jambo moja: hongo ilikuwa bei ya kupita. Aliyeitoa, alipita. Katika mitaa yetu ya leo twajenga kitu ambacho mtemi mkali wa zamani hakukidai, yaani ukuta usio na bei wala mlango.

Maandiko Matakatifu yana kisa kinachofanana na hicho kwa namna ya kushangaza. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 20, Musa atuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu. Aomba Waisraeli wapite katika nchi yake kwa barabara ya mfalme. Aahidi kwamba hawatakanyaga shamba wala mzabibu, hawatageuka kulia wala kushoto, na kama wao au mifugo yao wakinywa maji, watalipa. Twaweza kusema kwamba Musa alikuwa tayari kutoa hongo. Mfalme akakataa, akatoka na jeshi. Basi wakazunguka. Sura inayofuata, mstari wa 4, yatuambia kwamba katika kuizunguka nchi ya Edomu watu walikufa moyo kwa sababu ya njia, ndipo wakaanza kumnung'unikia Mungu. Sisi wachungaji twapenda kuhubiri juu ya manung'uniko hayo na nyoka waliofuata. Ni mara chache tunapouliza ni nani aliyewazungusha.

Na tuuulize swali hilo hapa kwetu. Anayezunguka si mwenye gari, kwa kuwa njia ya miguu haikuwa yake tangu mwanzo. Anayezunguka ni mama mwenye ndoo ya maji kichwani, ambaye kila hatua iliyoongezwa aibeba kwa shingo yake. Ni mtoto wa darasa la pili anayechelewa shuleni, akachapwa kwa uchelewaji ambao hakuufanya yeye. Ni mgonjwa anayebebwa, na mzee mwenye fimbo. Marko atuambia leo kwamba watu wa Uyahudi wote na wenyeji wa Yerusalemu walimwendea Yohane mtoni Yordani. Hawakupelekwa na basi. Walitembea, nao bila shaka walipita katika mashamba ya watu wengine. Kama kila mwenye shamba angeziba kipande chake, Yohane angebaki mtoni peke yake na asali yake.

Kanisa halijapata kufundisha kwamba mtu asiwe na mali. Lafundisha kwamba mali ya mtu mmoja haikati kabisa uhusiano wake na wengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 69, mwaka 1965, ulieleza kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya wanadamu wote. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987 juu ya maendeleo ya jamii, namba 42, alitumia mfano ambao mkopaji yeyote ataufahamu: mali binafsi ina rehani juu yake, na anayeidai ni jamii. Hati ya kiwanja chako ni ya kweli, na bikoni zake ni za kweli. Lakini ardhi hiyo ina deni la zamani, na mara nyingine deni lenyewe ni upana wa mtu mmoja tu.

Sheria za nchi yetu haziko mbali na mafundisho hayo. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, nasi tumepewa haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi yataja waziwazi haki ya umma ya kupita. Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi, hapo ndipo mahali pa kuziandika njia za miguu na mapalio ya mifugo, kabla jembe halijafika. Na ugomvi ukizuka, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Twawasihi akina mama msiyaache matatu hayo yajazwe kwa majina tu, maana ninyi ndio mjuao njia ya kisimani ilipita wapi. Lipo pia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kupatanisha. Anzeni huko. Twawaomba makatekista mlitangaze jambo hili katika jumuiya zenu, kwa kuwa tumekwisha kuona watu wakikata ua wa jirani usiku kwa panga na kuuita ushujaa. Aliyefanya hivyo hufungua njia kwa siku tatu, kisha hujengewa ukuta wa matofali.

Turudi kwenye ukuta wetu wenyewe. Msidhani kwamba tulikwenda halmashauri tukasimulia habari ya bibi, wote wakalia, kazi ikaisha. Tulibishana Dominika mbili. Mjumbe mmoja alisema kwamba tukifungua tundu, paneli mpya nayo itakwenda. Hakuwa na kosa. Mwingine alisema kwamba njia ikiruhusiwa leo kwa bibi mmoja, kesho itakuwa ya bodaboda, na keshokutwa lori la mchanga litadai haki yake. Huyo naye alikuwa na hoja, kwa maana njia za miguu kweli hupanuka; mpitaji wa kwanza hukwepa dimbwi, wa pili humfuata, na mwisho wa masika mwenye shamba amepoteza mistari minne ya mtama. Musa aliahidi kutogeuka kulia wala kushoto, na sisi wapitaji twaisahau ahadi hiyo. Mtu wa tatu aliuliza swali ambalo lilituuma zaidi: kwa nini fedha za waamini zilizojenga ukuta zitumike tena kuubomoa? Hatukuwa na jibu zuri. Tulisema tu kwamba kosa ni letu, na tukatoa kianzio kutoka mfukoni mwetu.

Ilipokubaliwa, fundi aliuliza lango liwe na upana gani. Wengine walisema mtu mmoja, wengine wakasema baiskeli. Mzee mmoja, ambaye hakuwa amesema neno katika vikao vyote viwili, alisema liwe na upana wa jeneza na mtu mmoja kila ubavu, kwa sababu kabla ya ukuta hiyo ndiyo njia waliyopitisha misiba yao. Tukatazamana. Tangu ukuta ujengwe tulikuwa tumezika watu kadhaa kutoka upande ule, na majeneza yao yote yalikuwa yameletwa kwa kuzunguka barabarani. Nasi tulikuwa tukiwangojea mlangoni, tukiangalia saa.

Leo basi, ndugu wasikilizaji, twawaomba mambo machache, na twaanza na wakulima, kwa sababu wiki hii plau zimo mashambani. Unapofika kwenye njia, inua plau. Ng'ombe watakusumbua kidogo kuwageuza, wageuze. Kama njia inakatiza katikati ya shamba na kukuharibia kweli, ihamishie ukingoni, lakini ihamishe baada ya kuzungumza na wanaoipita na mwenyekiti wa kitongoji, wala usiihamishie kwenye korongo. Nanyi mnaopita, piteni kwa mstari mmoja, mbuzi wenu wakiwa mbele yenu, wala msimege hindi. Ninyi mnaonunua viwanja, kabla ya kulipa simameni hapo asubuhi moja, saa kumi na mbili hadi saa moja, mwone ni nani apitaye. Muuzaji hatawaambia.

Na mapadre wenzangu mnaotusikiliza, pamoja na masista na viongozi wa parokia: twajenga kuta nyingi siku hizi. Chagueni Jumamosi moja, acheni gari nyumbani, mzunguke nje ya ukuta wenu kwa miguu. Nje, si ndani. Mtaona mahali ambapo njia imekuja mpaka kwenye tofali, ikasimama, kisha ikapinda kuufuata ukuta. Hakuna ramani iliyo wazi kuliko hiyo. Mtakatifu Petro atuambia katika somo la pili kwamba twatazamia nchi mpya ambayo haki yakaa ndani yake. Nabii Isaya, mwishoni mwa somo la kwanza, amwonyesha Bwana kama mchungaji awaongozaye polepole kondoo wanyonyeshao. Mwendo wa kundi hilo wapimwa kwa yule aendaye polepole kuliko wote.

Lango letu lilifunguliwa kabla ya Majilio haya kuanza. Hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa moja jioni, na ufunguo hukaa nyumbani kwa mlinzi wa sakristia, ambaye huamshwa hata usiku kama kuna mgonjwa au msiba. Paneli bado ipo. Mbuzi wameingia mara mbili.

Bibi alikuja Dominika ya kwanza. Tulimwona kutoka altareni, fimbo mbele, rozari mkononi, akisimama mara kwa mara. Baada ya Misa tulimwendea tukitarajia shukrani, tusifiche. Akatuambia kwamba lango tumeliweka vibaya. Fundi, kwa kukwepa nguzo ya zege, alilisogeza kushoto mwa njia ya zamani, na sasa fimbo hugonga ukuta kwanza, ndipo aupapase mpaka alipate lango. Tulipomwuliza kama tulihamishe, alifikiri kidogo, akasema tuliache. Hesabu yenyewe ameshaijua. Sasa ni mafumbo mawili na Salamu Maria sita.

Tumsifu Yesu Kristo.